Madai ya tiba kwenye vyakula: sheria yasemaje?

Mchuuzi aingiapo kwenye matatu na kuinua kopo la unga wa lishe, aghalabu huanza kwa salamu na dua ya safari njema. Kisha huja orodha: kisukari, shinikizo la damu, maumivu ya viungo, vidonda vya tumbo, nguvu za kiume. Abiria mwenye kisukari akilinunua kopo hilo na kuendelea na dawa zake, pengine atapoteza fedha tu. Hatari kubwa ni pale anapoliamini kiasi cha kuiacha insulini.

Codex, tume ya kimataifa ya viwango vya chakula iliyoundwa na FAO na WHO mwaka 1963, na ambayo Kenya ni mwanachama, inakataza chakula kunadiwa kuwa kinazuia au kuponya ugonjwa, isipokuwa pale sheria za nchi zinapoidhinisha. Kusema kwamba kalsiamu huhitajika katika kudumisha mifupa ni kueleza kazi ya mwili. Kusema kwamba unga fulani huponya ugonjwa wa mifupa ni kudai tiba. Wauzaji werevu huishi katikati ya kauli hizo mbili, na kitenzi wakipendacho ni "husaidia". Husaidia nini, na kwa kiasi gani, hawasemi.

Marekani, kwa sheria yake ya 1994, haimlazimu muuzaji wa virutubisho kupata kibali kabla ya kudai kwamba bidhaa yake husaidia kazi fulani ya mwili. Anatakiwa awe na ushahidi, aiarifu serikali katika muda wa siku 30 tangu aanze kuuza, na aandike kwenye kopo kwamba bidhaa hiyo haikusudiwi kutibu ugonjwa wowote. Sisi tunaohariri magazeti twajua fika jinsi maandishi madogo yanavyosomwa.

Ulaya ilishika njia nyingine. Sheria ya 2006 ilitaka kila dai lithibitishwe kwanza. Nchi wanachama ziliwasilisha madai yapatayo 44,000, mengi yakirudiwarudiwa; orodha iliyotolewa mwaka 2012 ilikuwa na 222 tu, mengi yakihusu vitamini na madini. Mwaka 2010 kampuni ya Danone iliondoa maombi yake kuhusu maziwa ya Activia na Actimel. Mwaka huohuo, tawi lake la Marekani lilikubali kulipa majimbo 39 dola milioni 21 kutokana na matangazo ya bidhaa za aina hiyo.

Hapa Kenya, kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinataka sheria ya matangazo ya haki na ya kweli, na Sheria ya Chakula, Dawa na Kemikali, Sura ya 254, inakataza kumhadaa mnunuzi kuhusu ubora au manufaa ya chakula. Tatizo ni kwamba mkaguzi huanza na lebo, nayo lebo huenda ikawa safi kabisa. Neno "huponya" limetoka kinywani mwa mchuuzi au kwenye ujumbe wa WhatsApp, na gari lilipofika kituoni yeye alishuka.

Nembo ya KEBS iliyobandikwa koponi nayo hutajwa kama ushahidi. Nembo hiyo huthibitisha kwamba bidhaa imetimiza viwango vilivyowekwa. Haithibitishi kwamba inatibu kisukari.