Mguu Unaouma Njiani: Tusiseme ni Uzee Tu



Karibu kila parokia ina mzee ambaye miaka michache iliyopita alikuwa akitembea kutoka kigangoni hadi kanisani bila kupumzika. Siku hizi husimama njiani mara mbili au tatu. Akisimama huyatazama mashamba, au humsalimia kila apitaye na kumwuliza habari za watoto, kisha baada ya dakika chache huendelea na safari yake. Watu husema, "Mzee huyu anapenda mazungumzo." Kumbe shavu la mguu linamuuma, naye haoni sababu ya kulitangaza jambo hilo kwa sababu amekwisha kujiambia kwamba ni uzee.

Huenda si uzee. Mwezi huu napenda tuzungumzie ugonjwa wa kuziba kwa mishipa ya damu ya miguu. Ni ugonjwa ambao haukosekani wodini, lakini majumbani hautajwi. Kwa wengi hujulikana siku daktari anapotamka neno la kukata mguu.

Ugonjwa huu ni nini?

Damu yenye hewa safi na chakula hutoka kwenye moyo na kwenda miguuni kwa njia ya mishipa iitwayo ateri. Kadiri miaka inavyopita, mafuta na chokaa huweza kuganda kwenye kuta za ndani za mishipa hiyo, mfano wa bomba la zamani lililoota kutu. Njia ya damu huwa nyembamba. Mtu akiwa amekaa, damu kidogo inayopita humtosha. Akianza kutembea, msuli unahitaji damu nyingi zaidi na haupati, nao hulalamika kwa maumivu au kukaza, hasa kwenye shavu la mguu, na mara nyingine kwenye paja au tako. Akisimama dakika chache, maumivu huisha. Akiendelea, hurudi baada ya umbali karibu ule ule. Akipanda mlima huja mapema zaidi.

Mtindo huo ndio unaoutofautisha ugonjwa huu na maumivu mengine. Goti lenye baridi yabisi huuma kuanzia hatua za kwanza, na maumivu yako kwenye kiungo chenyewe. Miguu inayowaka moto hata mtu akiwa amelala, mara nyingi chanzo chake ni mishipa ya fahamu. Miguu inayovimba jioni na kupungua asubuhi ina sababu nyingine kabisa. Kwa hiyo mgonjwa akifika zahanati asiseme tu "miguu inaniuma". Aseme inauma wapi, inaanza baada ya kwenda umbali gani, na inaisha akifanya nini. Maelezo hayo matatu humsaidia mganga kuliko vipimo vingi.

Hata hivyo wagonjwa wengi hawasikii maumivu ya namna hiyo. Mwaka 2001 ulichapishwa uchunguzi wa Marekani uliowapima watu 6,979 waliokwenda kuonana na madaktari wao kwa shida mbalimbali. Wote walikuwa na umri wa miaka 70 na zaidi, au miaka 50 hadi 69 wakiwa wavutaji wa sigara au wagonjwa wa kisukari. Watu 29 katika kila 100 walikutwa na mishipa iliyoziba. Kati ya hao wenye ugonjwa, ni kama mmoja tu katika kumi aliyekuwa na maumivu ya kutembea kama nilivyoyaeleza. Wengine hawakuwa na dalili, au walitembea polepole mno hata msuli haukupata nafasi ya kulalamika.

Ugonjwa ukiachwa, maumivu huja hata usiku. Mgonjwa huamka, huning'iniza mguu nje ya kitanda ili damu ishuke, ndipo apate usingizi. Ukimwona mzazi wako analala hivyo, usingoje. Baadaye kidonda kidogo cha kiatu au mwiba hakiponi, vidole hugeuka vyeusi, na hapo tunaongea juu ya donda ndugu. Tena mishipa ikiziba miguuni, aghalabu imeanza kuziba hata moyoni na kichwani. Wagonjwa hawa hufa zaidi kwa moyo na kiharusi kuliko kwa mguu wenyewe.

Nani yuko hatarini?

Zamani tulidhani haya ni maradhi ya Wazungu wanene. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2019 yalionyesha kwamba mwaka 2015 watu wapatao milioni 236 duniani walikuwa na ugonjwa huu, na karibu watatu katika kila wanne waliishi katika nchi za kipato cha chini na cha kati, yaani nchi kama zetu. Huko Marekani kwenyewe, watu weusi huupata karibu mara mbili ya weupe.

Uchunguzi unaonipendeza zaidi ni ule uliowafuatilia wanaume 44,985 wa Marekani, wote wafanyakazi wa fani za afya, kuanzia mwaka 1986 hadi 2011. Matokeo yalichapishwa mwaka 2012. Walioupata ugonjwa huu walikuwa 537. Watafiti waliangalia mambo manne: uvutaji wa sigara, kisukari, shinikizo la juu la damu na lehemu nyingi katika damu. Katika kila wagonjwa 100, 96 walikuwa na angalau jambo moja kati ya hayo manne siku walipogunduliwa. Haya si mambo ya bahati mbaya wala ya kurogwa. Ni mambo yanayopimika, na mengi yake yanazuilika.

Sigara ndiyo mbaya kuliko yote kwa miguu. Watu wengi wanajua kwamba huharibu mapafu, wachache wanajua habari ya miguu. Uchunguzi mwingine wa Marekani, uliochapishwa mwaka 2019, ulifuatilia zaidi ya watu 13,000. Waliovuta kiasi cha pakiti moja kwa siku kwa miaka 40 au zaidi walikuwa na hatari ya kuziba mishipa ya miguu karibu mara nne ya wasiovuta, wakati hatari yao ya ugonjwa wa moyo ilikuwa mara mbili. Aliyeacha hatari yake hupungua mwaka hadi mwaka, lakini haikwisha kabisa hadi ilipopita miaka 30. Kijana anayeanza kuvuta leo na asome sentensi hiyo mara mbili. Kwa mzee aliyevuta tangu ujana, kuacha bado kuna faida, hasa kwa mguu uliokwisha kuanza kuuma. Kuhamia kwenye ugoro si kuacha tumbaku.

Kisukari kina hila yake. Huziba mishipa ya damu, na papo hapo huua mishipa ya fahamu, hivyo mguu unakosa damu na mwenyewe hasikii. Anaweza kutembea siku nzima na kokoto ndani ya kiatu. Mwaka 2005, Dk. Zulfiqarali Abbas wa Dar es Salaam na wenzake waliandika juu ya wagonjwa wa kisukari wa hapa Tanzania walioumwa na panya miguuni wakiwa wamelala. Panya hutafuna, mtu hajui, asubuhi anakuta kidonda. Kwa hiyo nyumba yenye mgonjwa wa kisukari iwe na chandarua kilichochomekwa vizuri chini ya godoro, na miguu ioshwe kabla ya kulala isibaki na harufu ya chakula. Madaktari hao walifanya pia mradi wa kuwafundisha madaktari na wauguzi wa mikoani namna ya kutunza miguu ya wagonjwa wa kisukari, na taarifa yao ya mwaka 2011 ilionyesha kwamba idadi ya waliokatwa miguu ilipungua. Hawakutumia mashine za ajabu. Walifundisha watu kuvua viatu vya mgonjwa na kutazama.

Hapa niseme jambo linalotusumbua sana hospitalini. Mguu ukiwa na ganzi au baridi, ndugu kwa upendo humkanda mgonjwa kwa maji ya moto, au humwekea chupa ya maji moto, au humwotesha miguu motoni. Msifanye hivyo. Mguu usio na hisia unaungua bila mwenyewe kujua, na usio na damu hauponi. Mvalisheni soksi safi zisizobana, inatosha.

Kuhusu shinikizo la damu na lehemu sitasema mengi, kwa kuwa ukurasa huu umekwisha kuyaeleza mara nyingi. Chumvi ipungue, mafuta yapungue, dawa zimezwe kila siku hata siku ambayo mtu anajisikia mzima.

Kupima

Kipimo chenyewe ni rahisi. Hupimwa shinikizo la damu la mkononi na la kifundo cha mguu, kwa kutumia kifaa kidogo kinachosikiliza mlio wa damu. Kisha lile la mguu hugawanywa kwa lile la mkono. Mkono ukiwa 140 na mguu 98, jibu ni 0.70. Jibu la 0.90 au chini ya hapo ni dalili ya kuziba. Kwa mwenye kisukari cha muda mrefu mishipa huweza kuwa migumu kama mti na kudanganya kipimo, hivyo daktari hutumia vipimo vingine.

Kifaa kisipokuwapo, mganga hutafuta mapigo kwa vidole upande wa juu wa wayo na nyuma ya fundo la ndani la mguu. Hupima sehemu zote mbili kwa kuwa wako watu wachache wenye afya ambao mapigo ya juu ya wayo hayasikiki. Wewe nyumbani unaweza kulinganisha miguu miwili: je, mmoja ni wa baridi kuliko mwenzake? Ngozi yetu nyeusi haionyeshi weupe upesi, basi tazama nyayo na kucha. Angalia pia katikati ya vidole. Wanajumuiya mnapomtembelea mgonjwa wa kisukari, baada ya sala mwombeni awaonyeshe miguu yake.

Dawa isiyouzwa

Watu wengi hudhani mguu unaouma upumzishwe. Kwa ugonjwa huu ni kinyume. Mwaka 2021 ulichapishwa uchunguzi wa Marekani wa wagonjwa 305. Kundi moja lilitembea polepole bila kujiumiza. Kundi la pili lilitembea kwa mwendo unaoleta maumivu hasa. Baada ya miezi 12 walipimwa umbali wanaoweza kwenda kwa dakika sita. Waliojikaza waliongeza kama meta 34. Waliotembea kwa starehe hawakuongeza kitu. Hili linajibu swali la wakulima wetu wanaosema, "Mbona natembea kila siku kwenda shamba?" Unatembea, lakini umejifunza kusimama kabla ya kuumia.

Njia ni hii. Tembea hadi maumivu yawe makali kiasi, simama hadi yaishe, endelea tena. Fanya hivyo kwa dakika 30 hadi 50 ukihesabu na kupumzika, angalau mara tatu kwa juma, kwa miezi mitatu bila kukata tamaa. Hesabu nguzo za umeme au miti ya njiani uone maendeleo yako. Mazoezi haya si ya mwenye kidonda mguuni, wala mwenye maumivu akiwa amelala, wala mwenye kubanwa kifua. Hao waonane na daktari kwanza. Mwenye ganzi asitembee peku.

Dawa za hospitali zipo. Uchunguzi wa Uingereza wa watu 20,536, uliochapishwa mwaka 2002, ulionyesha kwamba simvastatini, dawa ya kupunguza lehemu, ilipunguza mshtuko wa moyo, kiharusi na upasuaji wa kuzibua mishipa kwa karibu robo, na maelfu ya watu hao walikuwa na mishipa ya miguu iliyoziba. Aspirini ya kipimo kidogo hupewa wenye dalili, lakini usijinunulie, maana huweza kutoboa tumbo. Mwaka 2018 ilionekana kwamba aspirini ikichanganywa na rivaroksabani kidogo hupunguza kukatwa miguu, ingawa huongeza hatari ya kutoka damu. Mwaka 2025 sindano ya semaglutidi, iliyojaribiwa kwa wagonjwa wa kisukari 792 katika nchi 20, iliwaongezea umbali wa kutembea kwa kama asilimia 13. Ni habari njema, ila bei yake kwa familia nyingi bado ni ndoto. Kutembea hakuna bei. Wako pia wanaohitaji kuzibuliwa mshipa au kuwekewa njia mpya ya damu katika hospitali kubwa, na wanaofaidika ni wale wanaofika nyama ya mguu ikiwa bado hai. Wanaojificha nyumbani kwa kuogopa kukatwa ndio hasa wanaokatwa.

Mwisho, iko hali isiyongoja hata siku moja. Mguu ukiuma kwa ghafla, ukawa wa baridi, ukapauka, ukafa ganzi au vidole vikashindwa kucheza, donge la damu huenda limeziba mshipa mara moja. Msuli huanza kufa baada ya saa zipatazo sita. Usikande, usifunge kamba, usisubiri Jumatatu. Tafuteni usafiri usiku huo huo, na mkifika hospitali msikae kwenye foleni: mwambieni muuguzi moja kwa moja kwamba mguu umepoa ghafla, na mtaje saa ulipoanza.