Ukaidi wa Subaru

Kwa vipimo vya viwanda vya magari duniani, Subaru ni kampuni ndogo. Hutengeneza takribani magari milioni moja kwa mwaka, wakati Toyota hutoa karibu milioni kumi. Haijulikani kwa daladala wala kwa pikapu za shamba. Hata hivyo, ukizungumza na mwenye Subaru, awe yuko Nairobi, Sapporo au jimbo la Vermont kule Marekani, aghalabu utakuta mapenzi ambayo kampuni kubwa huyatafuta kwa matangazo ya gharama na kuyakosa. Mapenzi hayo yanahitaji maelezo, kwa kuwa gari lenyewe si rahisi kulihudumia, halisifiwi kwa kubana mafuta, na kwa miaka mingi sura yake haikumvutia mtu. Maelezo ninayoyatetea hapa ni kwamba Subaru ilipendwa kwa ukaidi wake. Ilishika njia mbili za kiufundi ambazo watengenezaji wengi waliziona ghali au hazina soko, ikakubali hasara zake, kisha ikawafuata watu ambao maisha yao yalihitaji faida zake hasa.

Asili ya ukaidi huo ni ndege. Mwaka 1917, Chikuhei Nakajima, mhandisi aliyeacha kazi katika jeshi la wanamaji la Japani, alianzisha karakana ya kuunda ndege katika eneo ambalo leo ni mji wa Ota, mkoani Gunma. Kufikia Vita Kuu ya Pili ya Dunia, kampuni ya Nakajima ilikuwa miongoni mwa waundaji wakubwa wa ndege za kivita nchini humo, ikiwemo Ki-43 iliyoitwa Hayabusa. Japani iliposalimu amri mwaka 1945, majeshi yaliyoikalia yalipiga marufuku uundaji wa ndege na kampuni hiyo ikavunjwa vipande vipande. Wahandisi waliozoea kupigania kila gramu ya uzito angani wakajikuta wanatafuta riziki kwa kuunda skuta, na Rabbit ya kwanza ya mwaka 1946 ilitumia hata magurudumu ya mkiani yaliyobaki katika maghala ya ndege za mabomu. Mwaka 1953, kampuni tano kati ya hizo zilizogawanyika zikaungana kuwa Fuji Heavy Industries. Nembo yao ikawa nyota sita za Kilimia, kundi la nyota ambalo Wajapani huliita Subaru, moja kubwa na tano ndogo, kuonyesha wengi waliokuwa kitu kimoja. Jina la kampuni nzima lilibadilishwa kuwa Subaru mwaka 2017, miaka 100 tangu Nakajima aanze kazi.

Urithi wa ndege haukubaki katika nembo tu. Mwaka 1958 kampuni ilitoa Subaru 360, gari dogo lililosanifiwa chini ya mhandisi Shinroku Momose ili liingie katika daraja la magari madogo ambayo sheria ya Japani iliyapa nafuu. Injini yake ilikuwa na sentimita za ujazo 356 tu, nayo ilitakiwa kubeba watu wanne. Njia pekee ya kufanikisha hilo ilikuwa kupunguza uzito kama wafanyavyo waunda ndege, kwa bodi nyepesi inayojibeba yenyewe bila fremu nzito ya chuma chini yake. Gari zima halikufika kilo 400. Familia nyingi za Kijapani zilipata gari lao la kwanza kwa njia hiyo, na 360 iliendelea kutengenezwa hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970. Lakini hatua iliyoamua sura ya Subaru hadi leo ilikuja mwaka 1966 na Subaru 1000, gari lililoendeshwa kwa magurudumu ya mbele na kusukumwa na injini bapa, ile ambayo mafundi huiita boksa.

Injini ya kawaida husimamisha silinda zake wima, zikiwa zimepangwa mstari mmoja, na pistoni hupanda na kushuka. Katika boksa, silinda zimelazwa pande mbili, na pistoni za upande mmoja hukabiliana na za upande wa pili, zikienda na kurudi kwa pamoja. Msukumo wa pistoni moja hufutwa na wa mwenzake, hivyo mtetemo hupungua. Kwa kuwa injini yote imelala chini, uzito wa gari nao hukaa chini, na gari haliyumbi kwenye kona kama basi lililosheheni mizigo juu ya paa. Faida ya tatu ndiyo yenye uzito zaidi katika hoja yangu. Injini hiyo hukaa katikati ya upana wa gari, gia boksi ikifuata nyuma yake kwa mstari ulionyooka, kiasi kwamba ukitaka nguvu iende hadi magurudumu ya nyuma, unarefusha shafti tu kuelekea huko. Uamuzi wa mwaka 1966 ulikuwa umeacha mlango wazi, ingawa wakati huo hakukuwa na mteja aliyekuwa ameubisha.

Mteja huyo alitokea kaskazini mwa Japani, kwenye theluji nzito. Kampuni ya umeme ya Tohoku ilihitaji gari la kuwafikisha mafundi wake kwenye nyaya za milimani wakati wa baridi kali. Jeep zilifika, lakini zilikuwa baridi ndani, nzito na zenye kuchosha safarini. Ombi likawa gari la kawaida lenye paa, hita na viti vya kustarehesha, ila lisukumwe na magurudumu yote manne. Gari la majaribio lilijengwa, na mwaka 1972 likazaliwa toleo la gari la Subaru Leone linalosukumwa na magurudumu yote manne, ambalo mtu wa kawaida angeweza kulinunua. Subaru haikuwa ya kwanza kabisa kuweka mfumo huo katika gari la barabarani, maana Jensen ya Uingereza ilifanya hivyo mwaka 1966. Tofauti ni kwamba Jensen yalikuwa mamia machache tu ya magari ya watu wenye fedha nyingi. Leone lilikuwa la fundi umeme, mkulima na daktari wa kijijini. Audi, ambayo watu wengi huipa sifa ya kuanzisha mambo haya, ilileta Quattro yake mwaka 1980, miaka minane baadaye.

Kuwa na kitu kizuri na kujua nani anakihitaji ni mambo mawili tofauti, na historia ya Subaru nchini Marekani inaonyesha hivyo vizuri. Malcolm Bricklin na Harvey Lamm walianzisha kampuni ya kuingiza Subaru huko mwaka 1968, wakianza na 360. Gari lililowafaa Wajapani kwenye mitaa myembamba halikuwa na nafasi kwenye barabara kuu za Marekani, na mwaka 1969 jarida la Consumer Reports lililitangaza kuwa halikubaliki kwa usalama. Kilichowaokoa ni magurudumu manne. Subaru ikaanza kuuzwa kwenye majimbo ya theluji na milima, ikawa gari rasmi la timu ya taifa ya Marekani ya mchezo wa kuteleza kwenye theluji. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mauzo yaliporomoka, kwa sababu kampuni ilikuwa inajaribu kushindana na Toyota na Honda katika magari ya kila mtu. Safari hii wauzaji walikwenda kuangalia ni nani bado ananunua. Wakakuta walimu, wahudumu wa afya, wataalamu wa kompyuta, wapenda milima na kambi, na wanawake wanaoishi na wapenzi wa kike, kundi ambalo kampuni nyingine zilikwepa kulitaja. Wakazungumza nao wote moja kwa moja na kwa heshima, na wakati huohuo wakaamua kuwa kila Subaru inayouzwa Marekani iwe na magurudumu manne yanayosukuma. Gari jipya lililobeba uamuzi huo lilikuwa Outback, yaani Subaru Legacy iliyoinuliwa juu kidogo ili ihimili barabara mbovu. Forester ikafuata mwaka 1997.

Msomaji wa Afrika Mashariki anaweza kupinga hapa na kusema kuwa yote hayo ni ya Marekani, na kwamba kwetu Subaru ilipendwa kwa sababu ya mashindano ya magari. Pingamizi hilo lina msingi. Subaru ilileta Leone kwenye Safari Rally tangu miaka ya 1980, na Wakenya walimwona mwenzao Patrick Njiru akikamilisha mashindano ya mwaka 1993 kwa Vivio, gari dogo lenye injini isiyofika sentimita za ujazo 700. Mwaka 1995 Colin McRae wa Uskoti alitwaa ubingwa wa dunia wa rali akiwa na Subaru Impreza ya buluu, na mwaka 1997 akashinda Safari Rally yenyewe. Kampuni ilichukua ubingwa wa watengenezaji mara tatu mfululizo, 1995 hadi 1997, kisha Richard Burns na Petter Solberg wakaongeza taji la madereva mwaka 2001 na 2003. Kijana aliyesimama kando ya barabara ya vumbi karibu na Naivasha hakuhitaji tangazo jingine.

Lakini mashindano peke yake hayaelezi yaliyofuata. Subaru ilijitoa kwenye ubingwa wa dunia mwishoni mwa 2008, uchumi ulipoyumba. Kama mapenzi ya wenye magari yangekuwa zao la vikombe, yangefifia baada ya hapo. Kilichotokea ni kinyume. Mwaka 2009, soko la magari la Marekani lilipoanguka vibaya, Subaru iliuza zaidi kuliko mwaka uliotangulia, na kutoka chini ya magari 190,000 mwaka 2008 ikafikia zaidi ya 700,000 mwaka 2019. Hata nchini Kenya, anayenunua Forester kwa ajili ya barabara ya shamba la Nyandarua msimu wa masika hanunui kumbukumbu ya McRae. Ananunua gari litakalopanda mlima wenye tope bila kuteleza mtaroni, na ambalo kesho yake litampeleka mjini kwa mwendo wa kawaida. Naona mashindano yalikuwa ushahidi wa hadharani wa kitu kilichokuwepo tayari: mpangilio uleule wa injini na shafti uliomsaidia fundi umeme wa Tohoku ndio uliowekwa turbo na kupewa McRae.

Pingamizi zito zaidi ni la gharama, na sioni haki ya kulipita kwa haraka. Kusukuma magurudumu manne wakati wote kunaongeza uzito na msuguano, na mafuta huliwa zaidi kuliko katika gari la magurudumu ya mbele lenye ukubwa uleule. Boksa ina hedi mbili badala ya moja, na injini nyingi za lita 2.5 za zamani zilipata sifa mbaya ya gasketi za hedi kuvuja. Plagi zake zimejificha ubavuni, karibu kabisa na kuta za bodi, hivyo kazi ya dakika chache kwenye Corolla huweza kuwa ya saa nzima. Mnunuzi wa gari la mtumba asiyejua haya huumia, hasa akikutana na fundi ambaye hajawahi kulifungua. Tena, mwaka 2017 Subaru ilikiri kuwa viwandani kwake nchini Japani ukaguzi wa mwisho wa magari ulikuwa ukifanywa pia na watu wasio na idhini ya kazi hiyo, na ikalazimika kuyaita mamia ya maelfu ya magari yakaguliwe upya. Kampuni iliyojijengea jina la umakini haikuwa na kisingizio.

Hasara hizo, hata hivyo, haziivunji hoja yangu. Zinaonyesha mipaka yake. Mtu anayeishi Sinza au Kinondoni jijini Dar es Salaam na kwenda ofisini kwa lami mwaka mzima analipia shafti ya nyuma asiyoihitaji, na Subaru haikutengenezwa kwa ajili yake. Anayemshauri ainunue kwa sababu ya jina anampotosha. Vivyo hivyo, wale vijana wachache wanaokata ekzosi ili gari liungurume usiku na kufanya barabara ya watu wote kuwa uwanja wa mashindano wameipa Subaru sifa isiyotokana na kazi yake. Magurudumu manne yanasaidia gari lishike barabara linapoongeza mwendo. Hayalisaidii kusimama mapema zaidi, na hilo ni jambo la uhai ambalo kila anayelinunua angepaswa kuambiwa kabla ya kukabidhiwa ufunguo. Lakini kwa mhudumu wa afya anayezunguka vijiji vya milima ya Uporoto nchini Tanzania au mkulima wa Kinangop nchini Kenya, gharama ya ziada ni malipo ya kufika. Mtu aliyefikishwa mara nyingi na gari lake, mahali ambapo mengine yaligoma, hana haja ya kushawishiwa alipende.

Mtihani unaokuja sasa ni wa umeme. Gari la umeme halina pistoni, kwa hiyo boksa haina nafasi ndani yake, na kusukuma magurudumu manne kumekuwa rahisi: unaongeza mota moja nyuma. Gari la umeme la kwanza la Subaru kuuzwa kimataifa, Solterra la mwaka 2022, liliundwa pamoja na Toyota, ambayo inamiliki karibu asilimia 20 ya hisa za kampuni. Wapo wanaoona kuwa huo ndio mwisho wa Subaru. Kwa maoni yangu, mwisho haulazimishwi na mota. Boksa yenyewe haikuwa lengo kamwe. Lengo lilikuwa kumpatia mtu wa kawaida gari linalotulia barabarani na kufika penye theluji au tope, na kazi hiyo bado ipo, kwani barabara mbaya hazijaisha duniani. Ila kama kampuni itatosheka kubandika Kilimia juu ya gari la mwenzake bila kuongeza kitu ambacho dereva anakihisi mlimani, wenye Subaru watakuwa na haki ya kuondoka. Walichokuwa wakikilipia miaka yote hii ni kazi, na jina likibaki bila kazi hiyo halistahili hata shilingi moja ya ziada.