Kabla ya kuinua gari ya kooperative: sheria inaomba nini, na barabara inaomba nini

Ndugu wakulima, katika mikutano yetu ya mwisho wa msimu swali moja linarudi kila mara: «Barabara yetu imekufa, gari inakwama mu bulongo. Fundi wa garaji anasema anaweza kuiinua sentimita kumi. Tukubali?» Sisi ni waagronome, hatufungue moteri. Lakini mavuno yenu yanasafiri ku ile gari, pamoja na watu. Njo maana tumeketi na mafundi, tumesoma sheria, na tunawaletea hapa yale tuliyoelewa.

Kuinua gari kunafanya nini?

Mafundi wana njia tatu hivi. Wanaongeza lami ku resori ao wanatia resori ndefu. Wanatia kipande cha chuma kati ya resori na pont. Ao wanaweka mipira mikubwa. Zote zinainua bodi, lakini haziinue gari namna moja.

Angalieni jambo hili, sababu wengi wanapoteza feza hapa. Kwa pick-up yenye pont nzima, na kwa kamyo, kuinua resori kunapandisha chassis na karoseri tu. Pont yenyewe inabaki palepale, sababu inakaa ku mipira. Kama inayogonga katikati ya njia ni ile boli ya pont, resori ndefu haitawasaidia kitu. Mipira tu njo inainua pont, na ni nusu tu: mpira wenye kimo cha sentimita 5 zaidi unainua pont sentimita 2 na nusu. Kwa hiyo, mbele ya kulipa, mtu apige magoti chini ya gari aangalie ni nini hasa inagonga.

Hatari tatu ambazo hazionekane

Ya kwanza ni kupinduka. Tuchukue mfano. Gari ina mita 1,50 kati ya mipira ya kushoto na ya kuume, na uzito wake unakaa kwenye urefu wa sentimita 75. Ku karatasi, gari hiyo inaweza kulala pembeni hadi digri 45 mbele ya kuanguka. Ukiinua uzito sentimita 10, zinabaki digri 41. Ukipakia magunia juu hadi uzito upande sentimita 10 zingine, zinabaki 38. Ku barabara yenyewe ni chini zaidi, sababu resori na mipira vinajikunja, na mu kona gari inasukumwa pembeni. Ongeza watu waliokaa juu ya magunia, na kilima chenye mvua.

Ya pili ni freni. Pick-up nyingi na kamyo ndogo zina valvu inayofungwa na fimbo ku pont ya nyuma. Ile valvu inapima muzigo: karoseri ikishuka, inajua gari imebeba, inatuma nguvu zaidi ku freni za nyuma. Sasa ukiinua karoseri bila kurekebisha fimbo, valvu inadanganyika. Gari imebeba viazi tani nzima, lakini valvu inafikiri ni tupu. Nyuma haifunge vizuri, na shofere anajua hivyo mu mteremko, akiisha kuchelewa. Tena, mipira ya freni yenye kupitisha mafuta ikiwa mifupi, inavutwa mpaka inapasuka.

Ya tatu ni taa. Mbele ikipanda, mwanga unapiga macho ya yule anayekuja.

Na jambo moja tunaliandika peke yake: kuinua gari hakuongeze muzigo unaoruhusiwa. Uzito wa mwisho ulioandikwa na kiwanda unabaki uleule. Lami mpya inazuia gari isikae chini, lakini freni, pont na chassis ni zilezile.

Sheria inasema nini

Kwetu, sheria ya barabara ni Sheria namba 78-022 ya tarehe 30 Agosti 1978. Nchi yetu iko pia ndani ya Mapatano ya Vienna ya 1968 juu ya mwendo wa barabara. Mapatano hayo yanaomba gari iwe katika hali nzuri, na yanaeleza juu ya freni na taa: taa ndogo zinapashwa kuangaza njia vizuri mita 40 kwa uchache, bila kupofusha wengine. Gari iliyoinuliwa na taa zake hazikushushwa inaweza kuvunja kanuni hiyo usiku wa kwanza.

Inchi ambamo gari zetu za okazioni zinatoka zinafuata njia moja: kubadilisha kidogo kunaachiliwa, kubadilisha sana kunaomba cheti. Japani, kimo cha gari kikibadilika zaidi ya sentimita 4, mwenyewe anapashwa kupeleka gari ikaguliwe tena na karatasi zibadilishwe; vipande fulani ambavyo sheria imevitaja, kama resori na amortisa, vina huruma kidogo, lakini gari haiachiliwe mu ukaguzi wa kawaida. Ufaransa, gari iliyobadilishwa sana inakuwa kama gari mpya mbele ya sheria: inapashwa kupokelewa upya na serikali. Ujerumani, kipande chenyewe kinauzwa pamoja na karatasi ya wakaguzi, kisha gari inaenda kuangaliwa kama kimefungwa vizuri.

Australia, inchi ya barabara za vumbi kama zetu, kanuni ya taifa kwa kawaida inaachilia milimita 50. Juu ya hapo, injinia aliyeruhusiwa anapashwa kutia sahihi, na gari inajaribiwa kwa kukwepa ghafula kushoto na kuume. Tena resori inapashwa kubakiza theluthi mbili za mwendo wake wa zamani. Majimbo yana tofauti zao, lakini wazo ni moja: mtu asiyekuwa muuzaji wala mwenye gari njo anasema kama iko salama.

Kooperative ifanye nini

Kwanza, tengenezeni resori zilizochoka. Mara nyingi gari «imeshuka» tu. Kurudisha kimo cha kiwanda si kubadilisha gari.

Pili, kama kuinua kunahitajika kweli, komite iandike barua kwa Division ya Transport ya provensi mbele ya kazi, iombe jibu la maandishi. Neno la mdomo halisaidie siku ya aksida.

Tatu, mjulishe asuransi kwa barua, mlinde kopi yenye stampu. Asuransi ikigundua kisha aksida kama gari ilibadilishwa kwa siri, mtakuwa mmeipa sababu ya kukataa kulipa, na deni litaangukia kooperative.

Ine, fundi aandike ku fakitire: ameinua sentimita ngapi, kwa vipande gani, kama amerekebisha valvu ya freni, mipira ya freni na taa. Kisha mpeleke gari ku kontroli teknike. Fundi anayekataa kuandika, mmuache.

Tano, mkinunua gari iliyokuja imeinuliwa, ombeni karatasi ya kule ilikotoka. Kama haiko, punguzeni bei ao muiache.

Gari si ya prezida wala ya shofere, ni mali ya wanachama wote. Kwa hiyo uamuzi huu upitie mu mkutano mkuu na uandikwe ku prosè-verbali. Kooperative moja ya kahawa tuliyoitembelea ilifanya hivyo. Kisha kupiga hesabu, wanachama waliamua kurudisha resori za kiwanda, na feza zilizobaki wakalipa vijana wa salongo kujaza mashimo mawili ambamo gari ilikuwa inakwama kila mvua. Msimu uliofuata kahawa ilishuka ku mashine siku ileile ya kuvuna. Gari yao ingali na kimo chake cha zamani.