Tabo au Bila Tabo: Injini Gani Yafaa Mlimani?

Muhula wa pili mwaka jana nilikaa nyumbani wiki tatu nzima. Wenzangu darasani walidhani naumwa. La hasha! Aliyeumwa si mimi, ni pikapu ya mjomba. Pikapu hiyo ndiyo hupandisha maembe kutoka bonde la Kerio hadi sokoni Iten, na maembe hayo ndiyo hulipa karo yangu. Ilipolazwa gereji, nami nikalazwa nyumbani.

Fundi alifungua boneti, akachungulia, akatikisa kichwa. "Mzee, tabo imekwisha." Jirani yetu mmoja aliyekuwa amesimama kando akadakia papo hapo: "Si nilikwambia? Gari la milimani ni lile la zamani lisilo na tabo. Hizi za tabo ni za watu wa lami!" Mjomba hakujibu neno. Tangu siku ile nimeyasikia mabishano hayo stendi, gerejini na hata humu bwenini, kila mtu akivutia kwake. Ndiposa nikaona heri nishike kalamu nieleze nilichojifunza kwa fundi yule na katika vitabu vya fizikia, ili tunapobishana tubishane tukijua.

Tuanze na injini yenyewe. Injini ya dizeli huvuta hewa ndani ya silinda, kisha pistoni huibana hewa hiyo hadi ikawa moto sana. Mafuta yakinyunyizwa humo huwaka yenyewe, bila plagi. Huo ndio uvumbuzi wa Mjerumani Rudolf Diesel, ambaye injini yake ilifaulu mwaka 1897. Sasa shika hesabu hii: ili kilo 1 ya dizeli iungue yote, yahitajika hewa ya kilo 14 na nusu hivi. Kwa hivyo nguvu za gari haziko katika mafuta peke yake. Ukiongeza mafuta bila kuongeza hewa, utakachopata ni moshi mweusi tu.

Injini isiyo na tabo hujipumulia yenyewe. Pistoni ikishuka, hewa ya nje huingia kwa uzito wake tu, wala hakuna anayeisukuma. Injini ya tabo ina msaidizi. Tabo ni feni mbili ndogo zilizofungwa kwenye shafti moja. Feni ya kwanza imekaa katika njia ya moshi unaotoka kwenye injini. Moshi ule, ambao ungepotea bure, huizungusha. Ikizunguka, inaizungusha na ya pili, ambayo husindilia hewa ndani ya silinda. Hewa ikiwa nyingi, mafuta mengi zaidi huungua, na nguvu huongezeka. Aliyefikiria jambo hili ni mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, aliyepata hataza mwaka 1905. Ujanja wake ulianzia katika injini kubwa za meli kabla ya kuyafikia malori na magari madogo.

Tofauti ni kubwa kiasi gani? Chukua mfano wa Toyota. Mwaka 1990 kampuni hiyo ilitoa injini mbili za Land Cruiser, zote za dizeli, zote silinda 6, zote lita 4.2. Ile isiyo na tabo, iitwayo 1HZ, ilikuwa na nguvu za farasi 130 hivi. Ndugu yake mwenye tabo, 1HD-T, alikuwa na 165 hivi. Ukubwa ni ule ule, lakini nguvu zimezidi kwa robo na ushei! Siku hizi mambo yamezidi. Land Cruiser za umbo lile lile la kazi zimepata, tangu mwaka 2023, injini ya silinda 4 na lita 2.8 tu yenye tabo, nayo hutoa nguvu za farasi 200 na zaidi.

Hapo jirani yetu angesema, "Hizo ni hesabu za karatasi. Twende mlimani!" Haya, twende.

Sakafu ya bonde la Kerio iko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari. Iten iko mita 2,400 hivi. Kadiri unavyopanda ndivyo hewa inavyokuwa nyepesi. Wanariadha wanaokuja kufanya mazoezi Iten wanalijua hilo vizuri, maana siku za kwanza hutweta kama mbuzi wa mnada. Kanieneo ya hewa pale juu ni kama robo tatu tu ya ile ya Mombasa. Basi injini isiyo na tabo nayo hutweta. Zile nguvu za farasi 130 ulizonunua, ukifika Iten umebaki na 100 hivi. Pampu ikiendelea kuleta mafuta kama ya pwani na hewa ni pungufu, gari litatoa moshi mweusi na kupanda kwa kusuasua. Injini ya tabo haiteseki hivyo, kwa sababu feni yake huzunguka kasi zaidi na kufidia sehemu kubwa ya hewa iliyopungua. Kwa hiyo yule anayesema tabo si ya milimani amekosea, tena amekosea sana. Mlimani ndiko tabo inakoonyesha faida yake.

Hata hivyo jirani hakuwa mwongo mtupu. Kuna mahali injini ya zamani hushinda. Kwanza, tabo haiamki mara moja. Injini ikiwa inazunguka polepole, moshi ni mchache na feni hazina nguvu. Unakanyaga, unangoja kidogo, halafu gari linaruka mbele kwa ghafla. Kwenye lami hilo si neno. Lakini ukiwa unatambaa juu ya mawe, au umekwama kwenye matope, nguvu zikija kwa kishindo magurudumu huteleza na kujichimbia kaburi. Injini kubwa isiyo na tabo hutoa nguvu zake taratibu, mguu unavyoagiza. Dereva mzoefu wa tabo naye ana dawa: huingiza gia nzito mapema na kuweka injini katika mzunguko mzuri kabla hajafika penye shida.

Pili, ni urahisi wa kutengeneza. Injini kama 1HZ haina kompyuta, na pampu yake ni ya chuma na springi. Ikizima porini, fundi mwenye spana na akili zake anaweza kuiamsha. Nyingi za tabo za siku hizi zina kompyuta na vinyunyizio vya mafuta vinavyofanya kazi kwa shinikizo kubwa mno. Dizeli chafu, au ya mtungi iliyochanganyika na maji, huziua haraka. Ukiwa mbali na mji, ubovu mdogo wakulaza njiani siku mbili.

Sasa turudi kwa mgonjwa wetu. Tabo ya mjomba ilikufa kwa nini? Feni zile huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na upande wa moshi hupata joto la mamia ya digrii. Shafti yake hubebwa na utando mwembamba wa oili inayosukumwa na injini. Injini ikizimwa, oili husimama. Dereva wetu alikuwa akipanda ule mwinuko na tani ya maembe, anafika sokoni, madalali wanamzingira, naye anazima papo hapo. Tabo bado i moto kama jiko la mkaa! Oili iliyobaki ndani ilikaangika ikawa masizi, masizi yakaziba njia, shafti ikakauka na kulegea. Dalili zilikuwepo: moshi wa samawati, oili inayopungua, mlio kama wa filimbi. Tulidhani gari linaimba. Isitoshe, oili yenyewe ilikuwa haijabadilishwa kwa muda mrefu kupita kiasi. Usipoziba ufa utajenga ukuta, nasi ukuta tuliujenga kwa karo yangu.

Je, hukumu ni ipi? Kama gari lako hufanya kazi nyanda za chini, hutambaa polepole penye mawe na mchanga, na fundi wa karibu yuko kilomita 200, injini isiyo na tabo ni rafiki wa kweli. Kama unapanda milima na mzigo kila siku, na una mahali pa kupata oili safi na mafuta safi, tabo itakusaidia. Lakini usinunue tabo kama huna subira ya kuitunza. Wala usimruhusu mtu aipachike tu kwenye injini isiyoundwa kwa tabo kisha amfungulie mafuta. Injini iliyokuwa ikijipumulia hubana hewa sana, na ukiisindilia nyingine bila kipimo joto linaweza kutoboa pistoni.

Mjomba alifikiri kuiuza pikapu anunue ya zamani. Mimi nilimwonyesha hesabu za hewa ya Iten kwenye daftari langu la fizikia. Akaziangalia kwa muda mrefu, akasema, "Kumbe mpwa wangu, karo haipotei bure." Akatia tabo nyingine, na akaandika sheria yake kwa chokaa ndani ya mlango wa dereva: DAKIKA TATU. Siku hizi pikapu ikifika sokoni huachwa inguruma polepole dakika tatu kabla ya kuzimwa. Madalali hulalamika kwamba inawachelewesha. Mjomba huwaambia wangoje, kuna mtoto anasoma.