Uzi Unaotoka Ndani ya Nguo

Mfumaji mmoja wa Nkuhungu, jijini Dodoma, hanunui uzi dukani. Hununua sweta za mitumba, na kabla ya kuuliza bei huzigeuza ndani nje kuangalia mshono. Iliyokatwa kwa mkasi na kupigwa ovaloki huirudisha kwenye rundo, kwa kuwa ukiifumua unaambulia vipande vipande. Anayoitaka ni ile iliyofumwa umbo lake tangu mwanzo. Hiyo ukiupata mwisho wa uzi pale shingoni, inateremka yenyewe mstari kwa mstari.

Uzi huuzungusha kwenye mgongo wa kiti, akaufunga sehemu nne usije ukavurugika, akaufua, kisha akautundika ukiwa mbichi na chupa ya maji ikining'inia chini ili mikunjo inyooke. Rangi huijaribu kwa kitambaa cheupe kilicholowa: kikiambukizwa wekundu, uzi huo haulali pamoja na mweupe.

Hariri huja kwa nadra. Akiitilia shaka, huchomoa unyuzi mmoja na kuugusisha moto. Hariri hunuka nywele zilizoungua, ikaacha majivu yanayosagika. Poliesta huyeyuka na kuganda kidonge kigumu. Ikiwa ni hariri kweli, hupaka mafuta mikononi kwanza, maana vidole vyenye sugu huinasa na kuikwangua. Kwake kufuma ni mapumziko. Kazi ni kufumua, na hiyo mteja anayekuja Juni, baridi ikianza, kumtafutia mtoto kofia, hailipii.

Kazi hii ina ukoo wa zamani sana. Mreno Duarte Barbosa, aliyeandika kitabu chake karibu mwaka 1516, anaeleza kuwa Waislamu wa Sofala, pwani ya Msumbiji ya leo, walifuma pamba nyeupe lakini hawakuwa na rangi. Walichukua nguo za rangi kutoka Cambay, India, wakazifumua, wakazifuma upya pamoja na nyuzi zao nyeupe, na kujipatia dhahabu nyingi.

Mfumaji wa Nkuhungu aliposimuliwa habari hiyo, aliuliza jambo moja: pindo lilikuwa zima? Ni swali la fundi. Katika nguo ya kitanda cha mfumi, mshindio, yaani uzi unaopita kwa kukingama, hufika ukingoni ukageuka na kurudi, kwa hiyo ni uzi mmoja mrefu. Nyuzi za mtande, zile za urefu, ndizo zinazoishia pale nguo ilipokatwa. Barbosa hakuligusa hilo.

Mji wa Pate, pwani ya Kenya ya leo, ni fumbo zaidi. Padri Monclaro, aliyesafiri na msafara wa Mreno Francisco Barreto ulioondoka Lisbon mwaka 1569, aliandika kwamba nguo za hariri za thamani zilifumwa Pate na kupelekwa miji mingine ya pwani. Hariri yenyewe ilifika ikiwa uzi, au ikiwa nguo ya India na China iliyofumuliwa? Huko Kilwa na Shanga, miji mingine ya kale ya pwani, wachimbaji wa mambo ya kale wameokota vigae vilivyotobolewa vya kusokotea pamba. Kufumua kunahitaji vidole tu, na vidole haviachi kigae ardhini.

Na hapa Ugogo, nchi inayozunguka Dodoma, je? Karne ya 19 misafara iliyopita hapa ililipa hongo, yaani ushuru wa njia, kwa nguo zilizopimwa kwa mikono, tena watemi walidai zilizo bora. Zilipochakaa, nani alikaa nazo mapajani akatafuta mwisho wa uzi?