Kifo cha Shujaa katika Filamu za Mfululizo

Wachambuzi wa tendi wamezoea kukiona kifo cha shujaa kuwa ndicho kituo cha msuko mzima. Fumo Liyongo anachomwa kitovuni na mwanawe kwa sindano ya shaba, anakwenda kupiga goti karibu na kisima hali upinde umevutwa, na watu wa mji hawathubutu kuteka maji mpaka mwili unapoanguka. Baada ya hapo husalia maombolezo na malipo ya mwana msaliti. Filamu za Marekani zihusuzo mashujaa wenye nguvu zipitazo za binadamu zazusha swali gumu: shujaa atakufaje katika hadithi isiyoruhusiwa kwisha?

Swali hilo ni kongwe kuliko filamu zinazohusika. Superman alitokea katika vitabu vya hadithi za picha mwaka 1938. Katika makala yake ya 1962, Umberto Eco alieleza kwamba kila tendo la mhusika wa namna hiyo humsogeza karibu na mauti. Kwa hiyo watunzi walilazimika kuuvuruga wakati, kila kisa kikaanza kana kwamba kilichotangulia hakikutokea.

Kampuni ya Marvel ilishika njia nyingine. Kuanzia Iron Man (2008) hadi Avengers: Endgame (2019) zilitolewa filamu 22, nazo hukumbukana. Mbinu mojawapo iliyoziunganisha ni ndogo kwa sura: majina ya watengenezaji yakisha kupita, hadhira huonyeshwa kipande kifupi cha ziada. Katika Iron Man, Nick Fury anamvizia Tony Stark nyumbani kwake na kumdokezea habari za kundi la mashujaa. Fanani wa ngano hutumia maneno ya kufungia ili wasikilizaji wapate ruhusa ya kuondoka. Kipande hiki huwazuia vitini. Mwisho umegeuzwa kuwa utangulizi.

Athari ya mbinu hii juu ya mauti ni kubwa. Katika Avengers: Infinity War (2018), Thanos anaangamiza nusu ya viumbe hai kwa kualisha vidole tu, na T'Challa, mfalme wa Wakanda, anageuka vumbi. Hata hivyo filamu yake mwenyewe, Black Panther, ilikuwa imetoka miezi michache kabla na kupata fedha nyingi mno. Ni nani angeamini kwamba ataachwa mavumbini? Taharuki ikahama: haikuwa tena kama atakufa, bali atarudishwaje. Mwaka uliofuata akarudishwa. Natasha Romanoff na Stark walikufa bila kufufuliwa, lakini hata wao hawakuachwa wapumzike. Romanoff alipewa filamu yake mwaka 2021, yenye kusimulia mambo ya kabla ya kifo chake. Na mwaka 2024 ilitangazwa kwamba Robert Downey Jr., mwigizaji wa Stark, atarejea akiwa mhusika mwingine, Doctor Doom.

Agosti 2020 Chadwick Boseman, mwigizaji wa T'Challa, alifariki kwa saratani. Mauti yalikuja kutoka nje ya msuko, na hapakuwa na mbinu ya kuyatangua. Nafasi yake hakupewa mwigizaji mwingine. Black Panther: Wakanda Forever (2022), iliyoongozwa na Ryan Coogler, yaanza mfalme akiwa mahututi, asionekane; dada yake Shuri, bingwa wa sayansi, anahangaika maabarani kutafuta dawa na anashindwa. Jambo hili ni adimu katika utanzu huu, kwani hapana adui wa kupigwa. Kisha yafuata maziko, watu wamevaa meupe, kwa ngoma na nyimbo, mahali ambapo kwa kawaida pangewekwa pigano. Wawakanda husema Kixhosa, lugha iliyoingia katika mfululizo kwa pendekezo la mwigizaji John Kani wa Afrika Kusini wakati wa Captain America: Civil War (2016). Yasikitisha kwamba Kixhosa hupewa sentensi fupi fupi, na mazungumzo mazito yakaachiwa Kiingereza.

Mwishoni Shuri yuko ufukweni huko Haiti, anateketeza vazi la msiba na kumkumbuka kaka yake kimyakimya. Filamu ingaliweza kukoma hapo. Lakini katikati ya majina kikaletwa kipande cha desturi: Nakia, aliyeigizwa na Mkenya Lupita Nyong'o, anamtambulisha mwanawe Toussaint, ambaye jina lake la Kiwakanda ni T'Challa. Kwa mtazamaji atokaye katika jamii ambamo mtoto hupewa jina la marehemu ili asipotee, hapa hapana ajabu yoyote. Marehemu ameitwa, naye ameitika. Kwa mwenye biashara ya filamu, mtoto huyo ni mrithi awezaye kuigizwa na mtu mwingine. Maana zote mbili zimo, wala mchambuzi hawezi kuichagua moja na kuitupa ya pili. Majina yalipokwisha kupita hakikuja kipande kingine. Yalitokea maneno machache tu ya kuarifu kwamba Black Panther atarudi.