Ndoo, Mtungi na Sufuria ya Tui

Nyumba za pwani ya kusini ya Kenya, tokea Tiwi na Diani hata Msambweni na Vanga, zina kanuni nyingi za jikoni na uani ambazo mwana huzipokea kwa mamaye bila ya kuelezwa sababu: nguo nyeupe hungojea maji ya mvua, tui haliachwi motoni bila ya mwiko, chumvi huchanganywa na chembe za mchele, na pipa la maji husuguliwa kila wiki. Aghalabu kanuni hizi, zikichunguzwa kwa makini, huonekana kuwa ni habari za maji, yaani maji yaliyomo ardhini, hewani na ndani ya nazi. Na mtu atakaye kuzijua hikima za maumbile hana haja ya kuzifuata mbali, madhali kazi za wiki moja nyumbani zinamtosha.

Tuanze na siku ya kufua, kwa kuwa ndipo maji ya kisimani yanapodhihirisha tabia yao. Mfuaji husugua mche wa sabuni katika beseni, na badala ya povu huona utando wa kijivu ukielea na kugandamana na ukingo wa chombo. Akizidisha sabuni, utando nao huzidi, mpaka kipande kizuri cha mche kimekwisha kupotea ndipo povu linapoanza kujitokeza. Sababu i chini ya nyayo zake. Ukanda wa karibu na ufuo umekaa juu ya matumbawe ya kale, ambayo kwa asili yake ni chokaa. Mvua inyeshapo hujichukulia kabonidayoksaidi kidogo kutoka hewani, na nyingi zaidi kutoka katika udongo wenye mizizi na majani yaliyooza, ikawa asidi dhaifu. Asidi hiyo huliyeyusha jiwe polepole, ikateremka kisimani na kalsiamu ndani yake. Kalsiamu ikikutana na sabuni hushikana nayo, kikazaliwa kitu kisichoyeyuka, na ndicho kile kijivu cha beseni. Maji yaliyokingwa paani hayakupata kulipitia jiwe, na kwa hiyo hutoa povu mara moja. Ukiyachemsha maji ya kisima, sehemu ya chokaa hurudi kuwa jiwe ikaganda ndani ya birika. Siki au ndimu huiondoa, kwani nazo ni asidi, tena kali kuliko ile ya mvua.

Kisima hicho kina jambo jingine, ambalo kwa maoni yangu ni kubwa kuliko yote nitakayoyataja. Maji matamu ya chini ya ardhi ya pwani huelea juu ya maji ya bahari yaliyopenya katika matumbawe, kwa kuwa lita moja ya maji matamu ina uzito wa gramu 1,000 na lita ya maji ya bahari gramu 1,025 hivi. Tofauti hiyo yaonekana si kitu, walakini matokeo yake ni ya ajabu: kwa kila mita 1 ya maji matamu iliyopanda juu ya usawa wa bahari, pana takriban mita 40 zilizozama chini yake, kama jahazi lililosheheni ambalo sehemu yake kubwa haionekani. Kanuni hii ilielezwa na Mholanzi Badon Ghijben mwishoni mwa karne ya 19, na Mjerumani Herzberg akaieleza kwa upande wake mwaka 1901. Maana yake kwa mwenye kisima ni kwamba pampu ikiyashusha maji matamu kwa mita moja tu, maji ya chumvi yaliyo chini yaweza, baada ya muda, kupanda mita 40 kuyafuata. Ndoo na kamba hazikuwa na uwezo wa kufanya dhara hiyo. Pampu ya umeme inao.

Maji ya hewani hayahitaji maneno mengi. Chumvi safi huanza kulowa unyevu wa hewa unapopita asilimia 75, na asubuhi nyingi za Diani hupita hapo. Chumvi ya mawe, yenye mabaki ya magnesiamu ya bahari, hulowa mapema zaidi. Mtungi nao hupoza kwa kutoa jasho: lita moja ikigeuka mvuke huchukua joto litoshalo kupoza lita 50 na zaidi kwa digrii 10. Lakini hewa iliyokwisha kushiba haipokei mvuke, na ndiyo sababu mtungi ule ule hupoza vizuri zaidi katika ukavu wa Kinango kuliko ufuoni, ambako yafaa uwekwe penye upepo.

Sasa jikoni. Nazi ikikunwa kwa mbuzi na kukamuliwa katika kifumbu hutoa tui, nalo ni maji yaliyojaa matone madogo mno ya mafuta, kila tone limevikwa protini za nazi ili lisishikane na jirani yake. Joto likipanda kama digrii 80, protini hizo huharibika umbo, matone hukumbatiana, na mpishi huona vibonge vyeupe juu na maji mepesi chini: tui limekatika. Mwiko usiokoma husambaza joto lisilundikane mahali pamoja. Ndimu na ukwaju huleta madhara yayo hayo kwa njia ya asidi, hata kabla moto haujawa mkali. Atengenezaye mafuta ya nazi hulikata tui kwa makusudi, akalichemsha mpaka maji yote yaishe. Na mafuta hayo huganda chini ya digrii 24 hivi, basi chupa iliyokuwa angavu wakati wa kaskazi huamka nyeupe asubuhi za Julai, kusi ikivuma, wala haikuharibika.

Limebaki pipa. Mbu aina ya Aedes aegypti, aenezaye dengi na chikungunya, hupenda maji ya majumbani kuliko ya madimbwi. Mwaka 2004 chikungunya iliuenea mji wa Lamu wakati wa ukame, watu wakiwa wameweka maji vyomboni kwa siku nyingi, kisha ikaingia Mombasa. Katika joto la pwani yai huwa mbu kamili kwa siku 7 hadi 10, na hapo ndipo ilipotoka hesabu ya wiki. Walakini kumwaga peke yake hakutoshi: mbu huyu hubandika mayai ubavuni mwa chombo, juu kidogo ya maji, nayo hustahimili ukavu kwa miezi, yakaanguliwa pipa lijazwapo tena. Kwa hiyo ubavu wote husuguliwa kwa burashi ngumu, na maji ya kusuuzia yakamwagwa penye mchanga mkavu, mbali na mtaro.